Steshenwagoni la Karatasi Uani kwa Shangazi

Jumatatu, 4 Agosti

Shangazi anataka gari la kifahari. Kule yadi ya magari amechagua akabakisha mawili: steshenwagoni, refu na la chini, na krosova, fupi na la juu. Mimi na Profesa tumshauri. Ambaye ushauri wake utafuatwa atakaa kiti cha mbele safari ya likizo kwenda kwa Bibi.

Profesa ni binamu yangu. Anaitwa hivyo kwa sababu ya miwani, si kwa sababu nyingine.

Kiti hicho lazima kiwe changu. Nikikaa nyuma mimi hutapika. Isitoshe, hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza maoni yangu kuhusu kitu kikubwa kuliko soksi.

Jumanne, 5 Agosti

Tumepelekwa yadi. Nilizunguka magari yote mawili na futi ya kupimia nguo ya Mama, ambaye ni fundi cherehani.

Steshenwagoni ni zuri mno! Boneti ndefu. Paa linateremka polepole hadi nyuma. Vioo vyembamba, tairi zimejaza nafasi zake. Krosova lina uso mpana na kiwiliwili kilichopanda, kama mtu aliyevuta suruali hadi kifuani. Nikamweleza Shangazi hivyo. Profesa akadakia kwamba steshenwagoni ni gari la kubebea jeneza, limekosa maua tu.

Muuzaji alicheka. Shangazi hakucheka. Alikuwa ameinama kuingia na magoti yakalia. Nikamkumbusha kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akasema hajaja kununua kitanda.

Alhamisi, 7 Agosti

Nina mpango! Shangazi anahitaji kuliona gari nyumbani kwake. Nimechukua karatasi ya kahawia ambayo Mama hukatia mifano ya nguo, nikachora steshenwagoni kwa ubavu, ukubwa wake kamili. Vipimo vimetoka kwenye kijitabu cha yadi.

Nimeunganisha vipande kwa gundi sebuleni. Baba amelazimika kupitia jikoni ili afike chumbani. Ameuliza kama hiyo ni kazi ya shule. Nimesema ni kazi ya maisha.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimelitandaza uani kwa Shangazi, pua ukutani. Mkia ukatokea nje ya geti kwa urefu wa mkono. Nikasukuma pua. Pua ikakunjika. Geti likagoma kufungwa.

Profesa akauliza kwa adabu kama mkia utalala kwa jirani. Jirani mwenyewe alikuwa akipita. Akauruka kwa heshima zote.

Shangazi alinishika bega, akanishukuru sana. Alisema bila mimi angenunua gari lisiloenea, maana moyo wake ulikuwa umeshaangukia steshenwagoni, magoti yapende yasipende.

Ulikuwa umeshaangukia!

Alasiri hiyohiyo amekwenda kulipia krosova. Kiti ni cha Profesa.

Jumapili, 10 Agosti

Mama amelikunjua gari langu akitafuta karatasi yake. Akauliza mbona ncha zote zina nyongeza.

Nikamjibu kwa fahari kwamba nimeacha nafasi ya mshono, kama alivyonifundisha. Blauzi huachiwa upana wa kidole. Gari ni kubwa kuliko blauzi, kwa hiyo nimeliachia urefu wa mkono, mbele na nyuma.

Mama akakaa chini. Akauliza ni nani angelishona.

Halafu akachukua mkasi, akakata nyongeza zote mbili, akapima kilichobaki. Steshenwagoni la kweli lingeingia uani kwa Shangazi, na geti lingefungwa vizuri tu. Ameniomba nisimwambie Shangazi. Nimekubali. Sikuwa na haraka ya kumwambia.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumefika kwa Bibi. Profesa alikaa mbele akitaja kila kilima kana kwamba amekiumba yeye. Mimi nilikaa nyuma na mfuko wangu wa plastiki. Nimeutumia.

Bibi amenipokea kwa maji na kunifuta uso. Anataka kununua kochi jipya, ila hana hakika kama litapita mlangoni. Profesa akafungua mdomo. Nikamtangulia. Nimemwambia Bibi asihangaike, kesho nitamkatia mfano wa karatasi, ukubwa kamili.

Nimefikiri kwa makini, sitaki kurudia makosa. Gari ni bati, kweli halikuhitaji mshono. Lakini kochi ni kitambaa. Nitaliachia mikono miwili.