Mama Mkwe Si Damu Yangu

Ndugu Mhariri,

Pole na kazi. Mimi ni seremala, na gazeti lako nalisoma kila Jumapili. Naandika kuhusu makala ya mtaalamu wako wa viumbe, aliyeeleza kwamba tumetokana na mababu waliowasaidia watu wa damu yao, ndiyo maana nasi tunapendelea jamaa zetu. Niliisoma mara mbili, nikaona ni sheria. Yaliyonipata ni haya:

1. Mama mkwe amelala chumba cha uani tangu apooze miguu. Nilimweleza mke wangu, kwa upole, kwamba kimaumbile sina wajibu kwa mama yake, maana hatuna damu moja. Akaendelea kukunja nguo, kisha akasema, "Na mimi na wewe tuna damu gani?" Tangu siku hiyo anawapikia wenye damu yake: mama yake na watoto. Mimi simo.

2. Mdogo wangu naye aliisoma. Amehamia sebuleni na godoro lake, akidai kwamba kwa hesabu ya makala nusu ya damu yangu ni yake, hivyo akinisumbua anajisumbua mwenyewe. Sasa kila asubuhi namruka nikienda kazini.

3. Nikatafuta nafuu humohumo kwenye makala. Imesema jogoo halei vifaranga. Nikatangaza mezani kwamba nimejiuzulu ubaba. Binti yangu mkubwa akasema kifaranga naye hamjui jogoo, akaniomba nimpishe kwenye kiti.

4. Jirani yangu, fundi cherehani, ananiambia kuna buibui jike anayemla mumewe, kwa hiyo nishukuru.

Naomba mtaalamu ajibu waziwazi: maumbile yanatoa amri, au yanatoa habari tu? Kama ni amri, achapishe jedwali, ndugu nusu, binamu moja ya nane, mke sifuri, ili nyumba zitulie. Kama ni habari tu, aje amweleze mke wangu, maana mimi sisikilizwi tena.

Nisalimie wapiga chapa, wauza magazeti, na mtaalamu pia, ingawa si ndugu yangu.

Wako katika ujenzi wa vitanda,
Seremala wa nyuma ya soko

N.B. Barua imechelewa kutumwa. Jana mchana mama mkwe alizidiwa, nikambeba mgongoni hadi hospitali. Wakasema anahitaji damu. Nilikuwa nimeshakunja mkono wa shati kabla sijaikumbuka makala. Nesi akauliza mimi ni nani wa mgonjwa. Nikasema mwanawe. Mke wangu alikuwa nyuma yangu, akasikia. Tafadhali barua hii usiichapishe. Jana jioni nami nilipakuliwa chakula.