Wageni wa Chiriku

Ijumaa, 7 Machi

Maktaba ya chuo kikuu tena. Kila Ijumaa mke wangu ananiburuta kama mkoba. Twende tukawaone wageni wa Chiriku, anasema. Chiriku ni binti yetu. Tulimpa jina hilo kwa sababu hakunyamaza tangu alipozaliwa, mpaka mwaka juzi aliponyamaza moja kwa moja. Homa ya siku chache. Basi.

Aliacha utafiti mmoja, juu ya wadudu wanaotoboa maharage ghalani. Miaka mitatu tuliishi na makopo ya wadudu chini ya kitanda! Jarida la ng'ambo likauchapa, halafu likaufungia: anayetaka kusoma alipe kwanza. Hata mama mzazi alipe! Aliyehangaika ni mkutubi, yule dada mwembamba anayevaa sweta hata jua likiwaka. Akasoma masharti ya jarida mstari kwa mstari, akagundua kwamba mswada wa mwisho wa mwandishi unaruhusiwa kuwekwa wazi mwaka ukishapita. Akausubiri huo mwaka kama mtu anayesubiri mahindi yakomae. Sasa umo katika hazina huria ya maktaba. Dunia nzima inasoma bure.

Kwenye ukurasa wake kuna ramani. Mtu akiufungua utafiti, nukta inawaka pale alipo. Mke wangu hasemi nukta. Anasema mgeni. Leo mkutubi kamwonyesha mmoja mpya, katika kisiwa cha mbali kabisa. Mke wangu akagusa kioo kwa kidole, akasema karibu, mwanangu, umetoka mbali. Mimi nikajifanya natafuta choo.

Jumla yao kumi na tisa.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi cherehani, jirani yangu, anatafuta kifo. Mwanawe mhandisi ana andiko lake katika hazina hiyo hiyo. Juu ya lami! Wasomaji mia mbili na kumi. Kalitangaza hilo kwa kinyozi, duka limejaa. Akaniuliza, mzee mwenzangu, wa kwenu wangapi? Nikasema sikumbuki. Akasema basi ni wachache, maana wengi hawasahauliki. Watu wakaangua kicheko. Hata kinyozi, na wembe uko shingoni mwangu!

Mwanangu azidiwe na lami? Haiwezekani.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango wa kwanza. Nimekaa kwenye kompyuta ya maktaba tangu milango ifunguliwe. Nafungua utafiti, nafunga. Nafungua, nafunga. Kidole kimekufa ganzi. Mkutubi akapita, akasema anafurahi kuona mzee wangu anavyopenda kusoma. Nikakunja uso kama profesa.

Jumanne, 11 Machi

Wageni ishirini. Ishirini! Kumbe mashine ina macho: mtu akibisha mlango uleule mara mia, inamhesabu mara moja. Mkutubi alinieleza bila kuulizwa. Sijui kwa nini alinieleza mimi.

Jumatano, 12 Machi

Mpango wa pili. Nimesimama kwenye foleni ya mgahawa wa wanafunzi na kunong'ona kwamba mtihani utatoka kwenye utafiti wa wadudu. Simu zikatoka mifukoni kama panga. Jioni mwanafunzi wa sheria akanifuata, akaniuliza fukusi wa maharage wanahusiana vipi na sheria ya mikataba. Nikamwambia arudie kusoma kwa makini.

Wamefika sitini, lakini nukta zote zimerundikana palepale chuoni. Mke wangu akiona atasema hawa si wageni, ni watoto wa nyumbani. Na fundi? Atacheka mpaka apasue nguo ya mteja.

Alhamisi, 13 Machi

Mpango wa tatu, baba wa mipango yote. Mwenye duka la intaneti ana programu inayobisha hodi kama watu wa kila nchi, usiku kucha, haichoki. Nimempa redio yangu. Ile redio! Lakini mtoto ni mtoto.

Ijumaa, 14 Machi

Elfu tisa! Ramani nzima inawaka kama nyumba ya harusi. Hata kwenye barafu, ambako sidhani kama wanakula maharage.

Mke wangu alisimama. Akakaa. Akasimama tena. Akamwambia mkutubi kwamba siku ya mazishi ilinyesha, barabara ikakatika, watu wakaishia njiani, tukamzika Chiriku tukiwa wachache kama wezi. Kumbe walikuwa wanakuja, akasema. Kumbe walichelewa tu. Akalia, lakini kilio chenye nafuu. Akaanza kuwakaribisha mmoja mmoja kwa kidole, mpaka maktaba ikataka kufungwa.

Sijawahi kuwa mume bora kama leo.

Mkutubi tu ndiye hakufurahi. Alitazama kioo, akitafuna mfuniko wa kalamu.

Jumatatu, 17 Machi

Mkutubi kaja nyumbani. Na sweta lake. Mke wangu akakimbilia kuandaa chai, anadhani kaleta habari za wageni wengine.

Alikataa kuegemea kiti. Akasema, mama, wale elfu tisa hawakuwa watu. Ni mashine iliyojifanya watu. Jumamosi ilizidi kubisha mpaka hazina yote ikazimika, maandiko ya chuo kizima hayafunguki. Mafundi wamefuta hesabu yote ya ukurasa wa Chiriku. Na wakubwa wa chuo, ambao siku zote wanasema hazina huria ni kupoteza fedha, sasa wamepata la kusema. Hesabu ndiyo ilikuwa silaha yake kwao, akasema. Alikuwa akiwaonyesha kwamba kuna watu wanasoma. Sasa kila namba anayowapelekea wanamwuliza kama hii nayo ni mashine.

Mke wangu akauliza, kati yao nani alikuwa mtu?

Mkutubi akasema hajui. Wa kweli na wa uongo wamefutwa pamoja.

Hata yule wa kisiwani?

Hata yule, mama.

Mke wangu akakusanya vikombe kabla hatujanywa. Alipopita kabatini alitazama pale redio ilipokuwa ikikaa. Akatazama kidogo tu.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Nikasema chai leo ilikuwa ya moto sana.

Alhamisi, 20 Machi

Fundi cherehani kapita uani, kwa kunyata, kuniuliza jina la yule mwenye mashine. Lami imekwama kwenye mia mbili na kumi na moja. Nimemfukuza kwa ufagio. Angalau hilo limenipa raha.

Mke wangu anaongea nami maneno ya lazima tu. Kula. Funga mlango. Nyumba haina redio, haina Chiriku. Nasikia saa ya ukutani inavyokohoa.

Ijumaa, 21 Machi

Hazina imefunguliwa. Ramani tupu. Sifuri. Mke wangu alikaa mbele yake kama mtu aliyepika akangoja. Mkutubi akamwambia watakuja tena, mama, mlango uko wazi na hauna kufuli. Mke wangu akajibu kwamba anajua. Ila mpaka waje, mtoto yuko peke yake.

Nikatoka nje. Upepo ulikuwa na vumbi, macho yakauma. Nina mpango.

Jumatano, 26 Machi

Nimemwambia mke wangu naenda kumwona mtu wa meno. Nikapanda basi hadi ule mji wenye kiwanda cha saruji, saa nne za kukaa juu ya msumari wa kiti. Huko hakuna anayenijua. Nikaingia duka la intaneti, nikamwomba mhudumu anifungulie. Mara moja tu! Kwa heshima, kama mtu anayetembelea.

Lugha ya kitaalamu sielewi, shule niliiacha ikiwa bado inanihitaji. Lakini nilifungua kurasa zote, moja baada ya nyingine, mgeni hatazami mlango akaondoka. Katikati kuna picha. Kopo la maziwa, limejaa maharage yaliyotobolewa. Lina bonde ubavuni.

Kopo letu! Nililiangusha mimi, mwaka ule. Limefika katika utafiti na bonde lake, na chini yake Chiriku kaandika maelezo ya mstari mzima.

Mhudumu aliniuliza kama muda uongezwe. Nikasema uongezwe.

Ijumaa, 28 Machi

Nukta moja! Nilijifanya nashangaa zaidi ya wote. Mkutubi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu balaa lile, akasema, mama, huyu ni mtu kweli, amekaa na utafiti saa nzima. Mke wangu akauliza katoka wapi. Akaambiwa, mji wa kiwanda cha saruji.

Akatazama ramani, akatazama viatu vyangu, akarudi kwenye ramani. Akaweka kidole pale, akakaa nacho. Akasema karibu. Akasema huyu atakuwa mzee, anasoma polepole. Mkutubi ghafla akaona kitu cha kufanya kwenye kabati.

Nyumbani alichukua viatu vyangu bila kuombwa, akavipiga brashi mpaka ule unga mweupe ukaisha, akavipanga mlangoni. Kisha akaniambia, baba, mabasi ya kaskazini huondoka mapema, na koti lako liko kwenye kiti.

Mabasi ya kaskazini! Yametokea wapi? Wanawake wana mambo. Maskini, hajui lolote.

Kesho naenda kaskazini. Nitavaa kofia, mashine isinitambue.