Uvimbe Usio na Mwenyewe

Nyabiondo, Jumatatu asubuhi

Kwa Papa Polycarpe, chefu wa kijiji chetu

Papa Chefu,

Kwa heshima zote, na mguu wangu wa kushoto ukiwa juu ya kiti kwa amri ya muuguzi, nakuandikia kushtaki uvimbe.

Unanijua: mimi ni Godelieve, mkulima wa maharagi kule juu, jirani ya zizi la Papa Rukara. Mwaka jana ng'ombe waliingia shambani mwangu. Ulimtafuta mwenye ng'ombe, akapatikana kabla ya jioni, tukasikilizana. Sasa kuna kitu kimeingia mwilini mwangu tangu msimu wa kupanda, na hakuna anayekubali kuwa ni chake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Madaktari. Tezi yangu ya shingo inaumwa, hilo linajulikana. Moyo pia: unapiga kama ngoma ya Pasaka hata nikiwa nimekaa. Lakini huu uvimbe wa miguu na uso! Nilipanda pikipiki mpaka Goma. Daktari wa moyo akasema, "Mama, hii iko ya tezi." Wa tezi akasema, "Hapana, hii njo ya moyo." Niliwaomba wakutane, wakasema haiwezekani. Papa, milango yao inatazamana! Kati yake kuna hatua sita. Nilizihesabu, nikipumzika mara mbili.

2. Unga. Wagawaji wa chakula walipofika, mmoja alinitazama mashavu, akasema, "Huyu mama ameshiba," akafuta jina langu. Nikabonyeza mguu mbele yake, kidole kikaacha shimo. Akasema shimo haliko kwenye fomu.

3. Mama mkwe wangu, Nyirabagenzi, ametangaza kanisani kwamba nina mimba. Nina miaka hamsini na sita, na mwanawe, mume wangu, alifariki miaka minane iliyopita. Wamama wa kwaya wameniletea kofia tatu za mtoto. Nimezipokea, maana kukataa zawadi ni dhambi.

4. Kwa kuwa viatu vyangu haviniingii tena, navaa vya marehemu. Sasa watu wanaona nyayo zake njiani, na lile swali la namba tatu, la baba wa mtoto ni nani, limepata jibu.

Kwa hiyo naomba uwaite madaktari wote wawili barazani kwako, uwakalishe kwenye benchi la wenye ng'ombe, wasiondoke mpaka mmoja akubali. Wakikataa wote, uvimbe huu utangazwe kuwa mali ya serikali, na serikali ije iubebe yenyewe. Mimi nimechoka.

Nisalimie mke wako, Mama Adelaïde, na watoto, na majirani wote wanaonipongeza kwa kunenepa.

Ni mimi, mwenye pumzi fupi na heshima ndefu,

Godelieve

N.B. Papa, kuna kitu nimekuficha. Majibu ya maabara ya Goma yalifika wiki tatu zilizopita. Bahasha iko chini ya godoro, sijaifungua. Sidonie, yule muuguzi, ananiuliza kila Alhamisi, nami namwambia barabara imefungwa. Pengine jina la ugonjwa limo humo, na ndilo ninaloliogopa. Basi usiite daktari yeyote kwanza. Njoo wewe na Mama Adelaïde, kesho kama mnaweza. Mimi nitashika bahasha, yeye anishike mkono, wewe usome. Soma polepole.