Taj Nyeusi ya Banke Tiwari

Haya ni kweli tupu, hayajatiwa maji. Naapa kwa macho yangu yote mawili, hata hili la kushoto ambalo siku hizi halioni vizuri. Mtu akiwaambieni kwamba naongeza chumvi, mjue huyo ni mkwe wangu, na hajawahi kunipenda.

Siku ya Ijumaa Taj Mahal hufungwa. Agra nzima inalijua hilo, hata mbuzi wa Agra wanalijua, ila wageni. Kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi, mbele ya lango la magharibi, utawakuta watu waliosafiri usiku kucha, wamevaa nguo mpya, wanatazama kufuli. Na pembeni yao utamkuta Banke Tiwari, shati jeupe, kichana mfukoni, anawatazama wao.

Ijumaa hiyo hakutakiwa kuwepo. Mkewe Ramvati alikuwa amemwapisha tangu alfajiri.

"Baba Kusum, leo utulie. Kesho watu wa Etawah wanakuja kumwona binti. Posa mbili zimeshavunjika kwa sababu yako. Wakienda sokoni kuulizia habari za baba mtu, wauza peremende wanacheka kwanza, halafu ndiyo wanajibu."

"Naenda kununua maziwa tu, mke wangu. Maziwa nayo ni utapeli?"

Na kweli alikuwa na kopo la maziwa mkononi alipomwona mama mmoja langoni. Alikuwa mnene, sari ya njano, furushi kichwani, mwavuli kwapani, naye alikuwa akiongea na kufuli.

"Funguka basi, mwanangu," alikuwa akilibembeleza. "Nimetoka mbali. Maisha yangu yote sijavuka wilaya yetu."

Banke akaliweka kopo chini. Na iandikwe kwa haki kwamba kopo lilijitahidi kumzuia: lilianguka, likabingirika, likampiga mguuni. Hakulisikiliza.

"Mama," akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "leo haitafunguka. Ijumaa ni siku yake ya kulia."

"Anamlilia nani?"

"Pacha wake. Hii nyeupe ndiyo wanayoonyeshwa watu wote. Ile nyeusi iko ng'ambo ya mto Yamuna, na mtu haioni ila kwa idhini ya ukoo wetu. Babu wa babu yangu alikabidhiwa ufunguo na mfalme mwenyewe, mkono kwa mkono."

"Ufunguo uko wapi?"

"Mlango ulikufa, mama. Tukauzika nao."

Yule mama akatikisa kichwa kama mtu aliyezoea misiba. "Kiingilio bei gani?"

"Kasri haliuzwi! Unatoa sadaka tu. Rupia mia tano."

"Mia mbili."

"Mama, ni marumaru!"

"Nyeusi lakini," akasema mama. "Nyeupe ingekuwa neno jingine."

Wakakubaliana mia mbili na hamsini, wakapanda bajaji, wakavuka daraja.

Sasa, ng'ambo ya mto kulikuwa na tanuri la matofali la tajiri mmoja aitwaye Seth Girdhari. Moto wake ulizimwa zamani. Lilibaki bomba refu la moshi, kuta zenye masizi ndani, na nje wanawake wa jirani walikuwa wakibandika mavi ya ng'ombe ukutani yakauke yawe kuni. Banke akasimama mbele ya uchafu huo, akavua viatu, akafuta chozi.

"Ule mnara," akasema, "ni wa tano. Taj nyeupe ina minara minne, umehesabu? Wa tano ulikasirika ukahamia huku."

"Maskini," akasema mama.

Wakaingia. Mama akagusa ukuta, mkono ukatoka mweusi tititi.

"Hii marumaru inatoka rangi."

"Inatoka majonzi, mama. Tangu mfalme afe haijanyamaza."

Wakazunguka nje. Mavi ukutani yamebanduliwa machache, yamebaki mengi, mviringo mviringo, na kila moja lina alama ya kiganja na vidole vitano. Mama akasogea, akasogea tena, mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Na haya je?"

Hapa Banke alijivunia mwenyewe. "Mikono ya malkia mia moja. Siku ya maziko walikuja kupiga kuta kwa uchungu. Dongo lilikuwa bado bichi."

Mama akanusa. Akafikiri. "Malkia wako walikula majani mabichi," akasema, akatoa noti, akaenda zake.

Jumamosi wakaja wageni wa Etawah. Ramvati alikuwa amekaanga sambusa, Kusum amevaa hereni za bibi yake, na Banke ameagizwa aseme anauza vitambaa. Akaingia kwanza Jagmohan, baba wa kijana. Akaingia kijana, Omvir. Halafu ukaingia mwavuli.

Banke akairudisha sambusa sahanini.

"Huyu ni dada yangu mkubwa, Shangazi Dulari," akasema Jagmohan. "Kwetu haingii bibi harusi bila yeye kumpima baba mtu. Alitangulia jana kuchunguza. Sikulala kwa furaha, mkwe! Kumbe mna kasri?"

Ramvati akamtazama mumewe kwa jicho ambalo lingeweza kukaanga sambusa bila mafuta. Banke akaona njia mbili tu. Akisema kweli, posa ya tatu imekufa hapo hapo, kwenye zulia. Akisema uongo...

"Si kubwa sana," akasema.

"Mwone alivyo mnyenyekevu!" akapiga makofi Shangazi Dulari.

Baadaye Banke akamfuata shangazi uani, kwenye bomba la maji. "Mama, ulijua?"

"Mwanangu, tangu sijaota meno ya mbele nabandika mavi ya ng'ombe ukutani. Halafu naletwa Agra naonyeshwa mikono ya malkia!"

"Mbona hukuniaibisha?"

"Omvir wetu anauza soksi. Mwezi mzima kauza jozi moja, na mnunuzi karudisha mguu mmoja. Ukoo mzima hauna ulimi. Mimi natafuta binti wa mtu anayeweza kuuza tanuri bovu akiwa anafuta machozi. Damu kama hiyo utaipata duka gani?"

Banke akamwinamia kumgusa miguu kwa heshima. "Umeniokoa, mama."

"Bado. Harusi itafungwa kwenye kasri."

"Mama, lile ni tanuri!"

"Wee! Usinivunjie kasri langu. Nimelilipia."

Basi Banke akaenda kwa Seth Girdhari kukodi tanuri. Lakini habari zilikuwa zimemtangulia. Seth akajinyoosha kitandani, akasema kodi ya tanuri ni rahisi sana, karibu bure, lakini yeye amesikia mjini kwamba hilo ni kasri, na kasri lina bei ya kasri. Banke akaapa kwamba ni tanuri, tena bovu. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kweli kwenye biashara, na hakuaminiwa. Akatoa pikipiki yake iwe kodi. Wanawake wa jirani nao wakakataa kubandua mavi yao bila fidia. Wakasema mikono ya malkia haibanduliwi hovyo.

Siku ya harusi, msafara wa bwana harusi ukafika na tarumbeta, watu tele, kilemba baada ya kilemba. Mlangoni wakamkuta Shangazi Dulari chini ya mwavuli.

"Viatu nje, rupia hamsini ndani."

"Dada, hata mimi?" akauliza Jagmohan.

"Wewe mfalme ni shemeji yako? Hamsini."

Akaja Banke, kashika maua. "Mimi ndiye mlinzi wa ukoo."

"Mlinzi analipa kwanza, awe mfano."

Akalipa. Omvir aliingia na kilemba cheupe akatoka mweusi kama chungu cha dengu. Wageni wote walitoka hivyo hivyo, na hakuna aliyelalamika, maana shangazi alishawaambia kwamba majonzi ya mfalme hayamgandi ila mtu mwenye moyo safi. Aliyekuwa hajachafuka alirudi kujipaka kwa siri. Kusum aliolewa, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amewauzia watu wote wa Etawah soksi, hadi makuhani wa Kihindu wanaotembea peku.

Shangazi hakurudi kwao. Kila Ijumaa yuko tanurini, na Banke Tiwari anasimama langoni pa Taj kumletea wageni, kwa mshahara.

Juzi nilikuwa kibandani kwa muuza chai nikiwasimulia watu haya haya, wamenizunguka, chai imepoa mikononi mwao. Mwavuli ukanigusa bega.

"Mzee, nani kakupa ruhusa ya kuwaingiza watu kasrini kwangu?"

"Shangazi, ni hadithi tu. Nusu nimeitunga."

"Si nimekusikia ukiapa kwa macho? Kama ni kweli, umeingiza watu bila tiketi: lipa. Kama ni uongo, umelisingizia kasri la mfalme: lipa mara mbili."

Nikasema ni kweli tupu. Nikalipa. Nikawalipia na wote waliokuwa wakisikiliza, maana nilipogeuka niliona vikombe tu.