Besi la Nyuzi Sita na Mavuno ya Jumapili

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimepata mshtuko! Kwa Paulo, fundi spika wa mjini, limening'inia gitaa la besi la nyuzi sita. Sita! Langu lina nne, na shingo yake nimeiunga kwa gundi. Paulo yuko tayari tubadilishane kwa magunia mawili ya alizeti. Kwaya yetu ya Mandewa inarekodi video mwezi ujao. Nikisimama na sita, nani atamtazama Lazaro? Huyo hana hata gitaa, huazima langu, halafu watu wanasema ananizidi kupiga!

Nimechora mstari katikati ya karatasi. Faida zimejaa hadi upande wa nyuma. Hasara moja tu: sijui hizo nyuzi mbili za ziada ni za nini. Nimeifuta.

Jumanne, 10 Juni
Nimemweleza mke wangu, Cecilia. Akauliza kama zile nne nimeshazimaliza. Akasema alizeti haitoki humu ndani maadamu kuna besi ukutani.

Maadamu kuna besi ukutani. Nimeyafikiria maneno hayo hadi uji umepoa.

Alhamisi, 12 Juni
Nimepata! Jumapili ni sikukuu ya mavuno. Watu watatoa kuku, maboga, mtama, na baada ya ibada vitanadiwa. Mimi natoa besi. Ukuta utabaki mtupu, kwaya haiimbi bila besi, Cecilia atalegea mwenyewe. Na baraka nazipata vilevile. Wakati mwingine akili yangu hunitisha.

Jumapili, 15 Juni
Sijui nianzie wapi. Mchungaji alinisifu mbele ya kanisa zima, machozi yakanitoka. Ukaja mnada. Lazaro kanyoosha mkono! Na mimi nikanyoosha. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi akanikumbusha kwamba nimeshamtolea Mungu, nisimnyang'anye. Watu walicheka hadi mbuzi wa mavuno akakata kamba. Lazaro akaondoka na besi langu. Mwalimu wa kwaya, Rahabu, akatangaza palepale kuwa kwenye video atapiga mwenye gitaa.

Nikajipa moyo kwamba alizeti bado ipo. Ndipo Cecilia akasimama, macho mekundu. Akasema alikuwa na moyo mgumu, lakini mumewe amemfundisha kutoa. Magunia yote mawili yalikuwa nje, juu ya mkokoteni!

Jumatatu, 16 Juni
Video nitaimba sauti ya nne, mstari wa nyuma. Cecilia kanichinjia jogoo na kuniita mtu wa Mungu. Nimekula kwa aibu, lakini nimemaliza.

Mchana Paulo kapiga simu. Kama alizeti imeisha, hata pikipiki anapokea. Pikipiki! Ipo uani! Ni ya shemeji yangu Michael, ila yuko Itigi, harudi kabla ya Ijumaa. Nimechukua karatasi mpya. Kwenye faida nimefika ya kumi na moja. Upande wa hasara ni mweupe kabisa, nitamwachia Michael aujaze akirudi.