Mark II Iliyozoea Petroli Mbaya

Aliyetuchokoza ni redio ya Mariam. Mariam anatuuzia kahawa na kashata hapa Tunduma, pembeni ya foleni ya malori ya Zambia, na redio yake haijawahi kunyamaza tangu nianze kukalia benchi lile. Asubuhi hiyo ikasema mafuta ya taa yamepandishwa bei yakaribiane na petroli, ili watu wakome kuchakachua, yaani kuyachanganya kwenye petroli. Zahoro, ambaye tunamwita Balozi kwa kuwa aliwahi kuendesha lori mpaka Lubumbashi na hajatuacha tusahau, akatangaza kwamba nchi imepona. Wauza petroli ya madumu walikuwa wameshatoweka tangu juzi. Benchi zima tukashangilia.

Mtu mmoja tu ndiye hakushangilia. Lwitiko, dereva teksi, alikuwa ameshika kikombe bila kunywa, na Mark II yake iko mbele yetu inanguruma kwa kushtukashtuka na kutoa moshi mweusi.

"Jana nilikuwa Mbeya, nimeijaza petroli safi kabisa," akasema. "Tangu hapo inakohoa."

Macho yote yakamgeukia Kefa. Kefa ni fundi, jina lake la benchi ni Laptop, kwa sababu hagusi spana kabla hajafungua kompyuta. Mwezi uliopita ndiye aliyefunga kiboksi kwenye injini ya Lwitiko, akachomeka waya, akaandika tarakimu kwenye kompyuta kupanga injini inywe mafuta kiasi gani na hewa kiasi gani. Gari likatulia, naye akatembea mjini wiki nzima amevuta suruali juu.

Balozi akamuuliza siku ile ya kupima waliweka petroli gani.

"Ya dumu, mukwai," Kefa akajibu kwa heshima ya Kizambia, anaangalia viatu.

Basi mambo yakawa wazi. Petroli ile ilikuwa na mafuta ya taa, injini ikawa inawaka kwa shida, na Kefa akaiamuru kompyuta iongeze dozi. Sasa imekuja petroli ya kweli, dozi ni ileile, injini inazama.

"Kwa hiyo umeizoesha gari makombo," Balozi akasema. "Leo imepewa pilau, inatapika."

Tulicheka, lakini Lwitiko hakuwa na meno ya kucheka. Saa nane mchana alitakiwa awe Itaka, kwa baba wa Tabita, binti anayemposa, na mshenga wake ndani ya gari. Mara ya kwanza Mark II ilizima mlimani, wakafika giza limeingia na ugali umepoa. Mzee hakugomba. Alisema tu warudi na gari lilelile, na likichelewa tena wasijisumbue kubisha hodi, maana binti yake akishikwa na uchungu hatasubiri fundi.

Tukamwambia Kefa apange upya. Akasema kompyuta iko Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa shemeji yake, anaitumia kuonyesha sinema, na shemeji amesafiri na ufunguo wa chumba. Mariam akatoa lita ya mafuta ya taa ya jiko lake wachanganye wenyewe. Kefa akakataa, eti vipimo ni siri ya yule muuza madumu, akikosea kidogo injini itakufa moja kwa moja. Dawa ni kupata petroli mbaya iliyo tayari.

Ndipo Lwitiko na Kefa wakamwaga petroli ya tangini, wakabakiza ya kuwafikisha tu, wakaenda kwenye kituo kimoja ambacho sikitaji. Kefa ndiye aliyetusimulia. Lwitiko alimwinamia yule dada wa pampu, Conjesta, akamnong'oneza kama wanayo iliyochakachuliwa. Conjesta akakimbia kumwita meneja. Meneja akaamini huyu ni mkaguzi aliyejificha, akatoka jasho linamtiririka, akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba pale halijawahi kuingia tone la mafuta ya taa.

"Hata kidogo tu, kaka," Lwitiko akamsihi. "Naenda ukweni."

Meneja akashika pampu mwenyewe, akajaza tangi mpaka shingoni, huku anaapa.

Lwitiko akamchukua mshenga na kuondoka macho mekundu. Pale kwenye benchi tulikubaliana kwamba hatavuka hata Mlowo, njiani. Mimi roho iliniuma kweli, ni kijana mzuri. Mariam alizima redio, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Saa nane kasorobo simu ya Kefa ikaita. Akaweka sauti kubwa.

"Tumefika," Lwitiko alikuwa anacheka. "Mzee ametoka mwenyewe kutupokea. Tabita anapika. Na gari, Kefa, halijatoa hata moshi! Linavuta kuliko siku ile ulipolipima."

Tukapiga makofi, tukapeana mikono. Kefa akavuta suruali juu. Halafu Balozi akatua kikombe chini taratibu, akaniangalia. Asubuhi ile benchi zima tulikuwa tumejaza pikipiki zetu pamoja, kituo kilekile, kwa meneja yuleyule.

Hakuna aliyeaga. Mariam alibaki peke yake na vikombe vyenye kahawa ya moto, sisi tumeinama kando ya barabara, kila mtu amefungua tangi lake ananusa.