Prosesa Mbili na Nyoka wa Mwaka Mpya

Jumatatu, 4 Desemba 2000

Ushindi! Au tuseme mwanzo wake.

Leo kikao cha wenye maduka wa mtaa wetu hapa Osaka, ghorofani kwa Bi Uenoyama, muuza tofu na mwenyekiti wetu. Mada: kadi za Mwaka Mpya. Mwaka unaokuja, kwa kalenda yetu ya wanyama, ni wa Nyoka, na kila duka linataka nyoka wake wa kuwapelekea wateja. Murakoshi, mwenye duka la mihuri ng'ambo ya barabara, akasimama kabla hata sijamaliza chai. Akasema amenunua kompyuta mpya kabisa. Inachora nyoka yeye akiwa anajikuna. Watu wakampigia makofi. Makofi! Kwa kujikuna!

Nikasimama. Nikasema kompyuta ya bwana Murakoshi ni nzuri, hongera, lakini ina prosesa moja. Ya Kitabata, yaani yangu mimi, ina mbili.

Vikombe vya chai vikasimama hewani. Raha iliyoje! Hakuna aliyejua kwamba prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, ila wote walijua kwamba mbili zinaizidi moja.

Bi Uenoyama akaamua: nusu ya maduka kwangu, nusu kwa Murakoshi. Kadi ziwe zimefika posta kabla ya tarehe 25, la sivyo hazitafika kwa watu siku ya Mwaka Mpya. Atakayetoa kadi za kupendeza zaidi atapewa kazi zote za mtaa mwaka mzima, na vipeperushi vya tamasha la kiangazi juu. Atakayeshindwa, hakusema. Lakini mimi ndiye ninayeishi kwa uchapaji. Bila kazi za mtaa, duka hili nitaligeuza stoo.

Sikutaja kwamba kompyuta yangu ni kuukuu. Niliiokoa katika ofisi ya wasanifu majengo iliyofungwa. Hawakuuliza, sikusema.


Jumanne, 5 Desemba

Nimeijaribu. Nyoka mmoja, magamba yanang'aa moja moja. Nimeanza baada ya kifungua kinywa. Hadi saa ya kuoga, kimetoka kichwa na kipande cha shingo.

Mke wangu, Fumie, amepita na ndoo, akauliza huyo ni funza au kidole gumba. Akanishauri nichore kwa brashi kama marehemu baba yangu. Nimemwambia hii ni karne mpya. Amesema karne mpya haijaanza, bado wiki kadhaa.

Mwanamke huyu hana mchango.


Alhamisi, 7 Desemba

Nipponbashi! Mtaa wa vifaa vya umeme. Nikiingia pale najihisi kijana.

Nimekwenda kwa Doi, yule mwenye kiduka chembamba kama uchochoro. Nimemweleza shida. Akasema, "Mzee, nunua mpya ukalale." Nikamwambia mpya ni ya watu kama Murakoshi. Mimi nataka kung'oa prosesa zangu za zamani niweke za kisasa, mbili, kwenye bodi ileile.

Akacheka. Akasema za zamani zimejengwa kama kaseti, zinasimama wima ndani ya mpenyo mrefu. Za kisasa ni bapa kama biskuti, chini zimejaa vijipini. Haziingii. Nikamwambia kwa upole kwamba ndiyo maana Mungu aliruhusu adapta: kijibodi kinachoibeba biskuti mgongoni, kisha chenyewe kinasimama kwenye mpenyo. Doi akaacha kucheka. Ameniinulia nyusi. Heshima ile!

Akaniuliza kama ninajua ni prosesa zipi zinazokubali kufanya kazi mbili mbili. Nikamwambia, "Kijana, usinifundishe." Nikachukua zilizokuwa rahisi kuliko zote. Adapta mbili nikaziokota kwenye kapu la mlangoni, hazina maelezo yoyote.

Gharama: nimeuza jiko la mafuta ya taa linalopasha joto dukani. Nimepiga hesabu vizuri. Kompyuta itakapochemka, jiko la nini?


Ijumaa, 8 Desemba

Fumie amegundua habari ya jiko. Sitaandika alichosema. Mama mkwe, Bi Kiyo, ambaye husikia anapotaka tu, ameleta mto wake na blanketi, akaketi kando ya kompyuta. Anaungoja huo moto nilioahidi.


Jumamosi, 9 Desemba

Nimefunga adapta. Zimerefuka mno, na feni juu yake, mfuniko wa kompyuta haurudi. Haidhuru! Ikae wazi, ipumue.

Kila adapta ina vijiplastiki vyeusi vya kupanga umeme, vidogo kuliko punje. Kimoja kikaniponyoka. Nimetambaa kwenye mikeka kwa magoti asubuhi nzima. Nimeinua kila kitu isipokuwa mama mkwe.

Mchana tunakula wali na ufuta mweusi. Mama mkwe akaacha kutafuna. Akamwambia Fumie ufuta huu haukukaangwa vizuri. Nikaruka! Nikamwomba, mama, tafadhali, tema. Akaniuliza tangu lini mkwe anamwamrisha mtu mzima kutema chakula. Amekitema mwishowe kwenye leso, akanitazama kama vile nimemwibia.

Kimeoshwa. Kimekauka. Kimerudi mahali pake, kikiwa na alama ya jino.


Jumapili, 10 Desemba

Imewaka! Nikasoma kwenye skrini. Prosesa: moja.

Nimezima, nimewasha. Moja. Nimeipiga ubavuni. Moja.

Nimempigia Doi. Amecheka hadi nikasikia akiweka simu mezani ili acheke vizuri. Nilizonunua hazikubali wenza. Weka mbili, moja itafanya kazi, nyingine itakaa pale kama shemeji. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Si ulisema nisikufundishe?"

Vilivyofunguliwa havirudishwi. Tumeafikiana hivi: atanibadilishia kwa zile zinazofanya kazi mbili mbili, nami nitamchapia kadi zake zote za Mwaka Mpya, kila mteja nyoka wake. Ana wateja wengi kuliko nilivyodhani.


Jumatano, 13 Desemba

Prosesa: MBILI!

Nimepiga kelele. Nimemwita Fumie. Nimemwamsha mama mkwe, akasema hakuwa amelala. Nimefungua mlango wa duka ili Murakoshi asikie. Amesikia. Akauliza kwa sauti kutoka ng'ambo kama kuna msiba.

Dirishani kwake ameshatundika nyoka wake wa kwanza. Si nyoka yule, ni samaki mkunga. Hata mchuzi hahitaji, ni wa kuweka juu ya wali moja kwa moja. Nimelala kwa furaha.


Alhamisi, 14 Desemba

Kuna kasoro ndogo. Nyoka wangu sasa anatoka haraka kuliko zamani, lakini haraka ya prosesa moja. Doi anasema mfumo wa kuendeshea kompyuta za nyumbani, huu nilionao, hesabu yake inaishia moja. Zipo mbili, ila mfumo hauzioni. Unatakiwa mfumo wa maofisini.

Nimeuliza kwa nini mtu atengeneze mfumo usiojua kuhesabu. Doi amesema watu wa nyumbani hawana prosesa mbili, mzee, wana maisha.

Amenipa diski ya mfumo wa maofisini. Kwa malipo: kadi za mama yake, na za shangazi zake.


Jumamosi, 16 Desemba

Mungu wangu, ni mzuri! Mfumo mpya umeingia, prosesa zote mbili zinapiga kazi, nyoka anatoka mzima kabla chai haijapoa. Magamba yanang'aa. Macho mekundu. Nimewachora nyoka wa muuza samaki, wa kinyozi, wa duka la visu. Joto pia lipo! Mama mkwe amevua soksi.

Hajaniambia asante, lakini ametandaza maganda ya machungwa kwenye ukingo wa sanduku la kompyuta lililo wazi yakauke, ni ya kutia kwenye maji ya kuoga. Nimechukulia kuwa ni pongezi.


Jumapili, 17 Desemba

Mfumo wa maofisini hauitambui printa yangu.

Nimeandika sentensi hiyo, nimekwenda kutembea, nimerudi, bado ni kweli. Waliotengeneza printa wanasema wateja wao wote wako nyumbani.

Ninao nyoka wazuri kuliko wote Osaka, na hakuna anayeweza kutoka nje ya mashine.


Jumatatu, 18 Desemba

Jambo la ajabu. Murakoshi amekuja. Kwa mlango wa nyuma, kofia imefunika macho.

Nikamkaribisha nikijifanya nina shughuli. Akauliza biashara vipi. Nikamwambia tunasukuma. Akasema hata yeye anasukuma. Kisha akalegea kabisa. Bi Uenoyama amewaona nyoka wake, akauliza mbona amechorewa mikunga, kwani kadi hizi ni za mgahawa? Kompyuta ni mpya, printa inakwenda kama upepo, lakini mchoraji ni yeye.

"Bwana Kitabata," akasema, "mimi kuchora sijui. Najua kuchonga mihuri tu, kama baba."

Mimi ninao nyoka sina printa. Yeye ana printa hana nyoka. Nikaona mara moja uzuri wa jambo hili: nitamwacha aniombe. Ameomba. Nikafikiri kwanza, kwa adabu. Nikakubali. Kesho atakuja na kompyuta yake kwenye mkokoteni, gizani asionekane, tuunganishe waya kati ya mashine hizi mbili. Bi Uenoyama asijue kamwe.


Jumanne, 19 Desemba

Balaa.

Murakoshi alifika na mkokoteni. Nikataka aone kwanza uwezo wa mashine. Nikaiagiza ichore nyoka wote waliobaki kwa mpigo mmoja. Feni zikanguruma. Murakoshi akasema, "Aisee." Nikapiga kiganja juu ya sanduku, kama mtu anayempapasa farasi wake.

Maganda ya machungwa yakaanguka ndani.

Feni moja ikameza ganda, ikakohoa, ikasimama. Harufu nzuri sana kwanza. Kisha harufu mbaya. Kisha moshi. Kisha giza, maana umeme wa duka zima ulikatika. Mama mkwe akauliza nani anaoga.

Tulipowasha taa, mashine ilikuwa imekufa, pamoja na nyoka wote. Murakoshi, kwa mshtuko, alikuwa amerudi nyuma akauachia mkokoteni pale mlangoni, ukateremka. Kompyuta yake mpya ilikuwa mtaroni.

Tumekaa sakafuni, mimi na adui yangu, tukitazamana. Dukani baridi ya kukata masikio. Nilimwambia nitaandika barua ya kuacha duka. Akasema tuandike moja, tutie sahihi wote.


Jumatano, 20 Desemba

Mama mkwe ametupiga kwa viazi. Si kwa mafumbo! Alitukuta bado tumejikunyata, akamtupia Murakoshi kiazi kitamu begani.

"Wewe si mchonga mihuri?" akamwambia. "Chonga nyoka."

Murakoshi akakitazama kiazi. Akatoa kisu chake mfukoni. Sijawahi kuona vidole vya mtu vikibadilika namna ile. Dakika chache tu, nyoka amejikunja kwenye uso wa kiazi, ulimi nje, anacheka. Fumie akaleta wino mwekundu wa mihuri kutoka ng'ambo, dukani kwa Murakoshi. Mama mkwe akapiga muhuri wa kwanza kwenye kadi. Pa! Tukainama wote kutazama.

Kila duka kiazi chake. Nyoka wa muuza samaki ameshika ndoano, wa kinyozi ana nywele. Murakoshi anachonga, mama mkwe anapiga, Fumie anaandika anwani. Mimi napuliza wino ukauke. Ni kazi nyeti.


Jumapili, 24 Desemba

Zote ziko posta! Na za Doi, na za mama yake, na za shangazi zake. Tulikuwa tunakula viazi vilivyokwisha kazi, vya kuoka, midomo myekundu kama waigizaji.

Bi Uenoyama amekuja mwenyewe na tofu ya moto. Machozi yalimlengalenga. Amesema tangu utotoni hajaona kadi za mkono namna ile. Akauliza wazo ni la nani. Nikavuta pumzi nijibu. Akasema hakuniuliza mimi.

Kazi zote za mtaa, mwaka mzima, na vipeperushi vya kiangazi, amepewa mama mkwe. Zitafanyiwa dukani kwangu, kwa hiyo duka limepona. Mama mkwe ametuajiri mimi na Murakoshi, kwa majaribio.

Nimeitafakari hali hii kwa haki. Mama mkwe aliketi dukani kwa sababu gani? Kwa sababu ya joto. Joto lilitoka wapi? Kwenye prosesa mbili. Basi mshindi anajulikana. Nimemweleza Fumie. Ameniambia nioshe vyombo.


Alhamisi, 28 Desemba

Doi amepiga simu kushukuru kwa kazi ya kadi zake. Katika maongezi, bila kukusudia, akataja kwamba kuna benki inatupa mashine yenye mipenyo minne. MINNE! Prosesa ni za zamani, ila mtu mwenye adapta...

Murakoshi alikuwa amebeba koti lake kabla sijakata simu.

Ina uzito wa beseni la kuogea lenye mtu ndani. Tumeisukuma kutoka kituo cha treni kwa mkokoteni tukibishana nani atazungumza na Fumie. Tumekubaliana kumwambia ni friji. Tumeiingiza kwa mlango wa nyuma, na hapo tukamkuta mama mkwe amesimama na taulo begani.

Ameizunguka. Ameigonga kwa kidole. Akauliza inapika wali wa watu wangapi.

Nikamwambia, mama, hii haipiki.

Akauliza basi ni ya nini.

Murakoshi akanitazama. Nikamtazama Murakoshi. Ni swali zuri sana, na nitalijibu nikishapata adapta.